Nani Anasoma Kipimo? Kitale hadi Bungoma kwa Njia ya Miwa

Anayetaka kuona mahindi ya Kenya yanakoanzia maisha aende Kitale. Kampuni ya mbegu, Kenya Seed, ilizaliwa hapa mwaka 1956, na kituo cha utafiti kilicho pembeni mwa mji ndicho kilichotoa H611 mwaka 1964, mbegu chotara iliyobadilisha mashamba ya nyanda za juu. Mji uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, baridi yake ya alfajiri inataka koti, na mahindi yake hayana haraka: jamii ya 600 hukaa shambani miezi sita na zaidi kabla ya kuvunwa. Nilikwenda huko kwa sababu ya udongo. Safari ikaniishia Bungoma kwa sababu ya sukari. Katika sehemu zote mbili nilikuwa nafuatilia jambo moja, jinsi mwanga unavyotumiwa kupima kemia ya vitu bila kuvichoma wala kuvimwagia asidi.

Shamba la kwanza lilikuwa upande wa Kiminini, mali ya mama mmoja mwalimu mstaafu. Kila mtu alimwita Mwalimu, nami nikafuata. Alikuwa amemwita kijana mwenye chombo cha kupimia udongo, kile cha kushikwa mkononi. Kijana alizunguka shamba kwa mwendo wa herufi Z, akachota udongo hapa na pale, akauchanganya kwenye ndoo, akatoa mizizi na mawe, akakandamiza chombo juu yake. Taa ndogo ikawaka ndani. Simu yake ikapokea mchoro wa mstari unaopanda na kushuka, na muda si muda zikaja tarakimu: pH, kaboni, nitrojeni, fosforasi, potasiamu, udongo wa mfinyanzi.

Mwalimu alivaa miwani. "Kijana wangu, hii taa imejuaje?"

Swali lake ni zuri kuliko majibu mengi niliyowahi kuyasikia kuhusu vyombo hivi. Kila kitu hunyonya baadhi ya mwanga unaokipiga na kurudisha uliobaki. Macho yetu huona sehemu ndogo ya hesabu hiyo, ndiyo maana udongo wa hapa Trans Nzoia tunauita mwekundu tukaishia hapo. Chombo huona zaidi, kwa kuwa kinapokea pia infraredi, mwanga ulio nje ya upeo wa jicho. Penye nanomita 1,400 na 1,900 hivi, maji yaliyomo katika udongo hunyonya mwanga na mstari hubonyea. Penye 2,200 madini ya mfinyanzi huacha alama yake. Madini ya chuma hujitokeza kabla ya hapo, karibu na 900. Mwozo wa majani na samadi hulaza mstari mzima chini.

Lakini mabonde hayo peke yake hayasemi pH ni ngapi. Lazima kuwe na maktaba: maelfu ya sampuli zilizopimwa kwa njia mbili, kwa mwanga na kwa kemia ya maabara, ili kompyuta ijifunze kuwa mstari wa namna hii mara nyingi huandamana na udongo wa namna ile. Kazi hiyo ina historia ndefu nchini Kenya. Mwaka 2002 Keith Shepherd na Markus Walsh, waliokuwa katika kituo cha kilimo-misitu cha ICRAF, Gigiri, Nairobi, walichapisha utafiti uliotumia sampuli zipatazo elfu moja za udongo wa mashariki na kusini mwa Afrika. Walionyesha kuwa mwanga unaweza kukadiria sifa nyingi za udongo kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo. Maabara ya Gigiri imekuwa mojawapo ya vituo vikubwa vya kazi hii duniani, na vyombo vingi vinavyozunguka mashambani leo vinatumia wazo lile lile.

Hivyo taa haijui. Inakumbuka. Na kumbukumbu yake ni nzuri kwa kaboni, kwa mfinyanzi, kwa pH pia kwa kiasi cha kutosha. Inapofika kwenye fosforasi ambayo mmea unaweza kuitumia, inababaisha. Fosforasi hiyo ni chache mno na haina alama yake katika mwanga ule. Kompyuta huikisia kwa kuangalia majirani zake. Bahati mbaya fosforasi ndiyo inayoulizwa na kila mkulima wa magharibi mwa Kenya anapokwenda kununua mbolea ya kupandia, maana udongo mwekundu wenye chuma huishika na kuinyima mizizi. Katika simu ya yule kijana, tarakimu ya pH na ya fosforasi zilikuwa na ukubwa mmoja wa herufi na rangi moja ya kijani. Hapo ndipo mashaka yangu yalipoanza. Ingetosha ile ya pili iandikwe "makadirio", mama wa watu ajue aiegemee kiasi gani.

Ya pH ilikuwa na maana. Shamba lilikuwa na asidi, kama mengi ya hapa yaliyotiwa mbolea ya DAP msimu baada ya msimu bila chokaa. Mwalimu aliambiwa atafute chokaa, ile inayotoka Koru upande wa Kisumu, aiweke kabla ya mvua. Aliandika kwenye daftari la mraba, mwandiko wa ubaoni, kisha akamuuliza kijana kama karatasi ya majibu ni yake au inabaki kwenye simu ya kampuni. Kijana akasema atamtumia kwa WhatsApp.

"Tuma nikiwa hapa," Mwalimu akasema. Akasubiri mpaka simu yake ikalia.

Matatu ya kwenda Bungoma hupita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, kisha hugeuka magharibi. Ukikaa upande wa kulia, Mlima Elgon unakusindikiza mwendo mrefu kama hakuna mawingu. Barabara inateremka, na kadiri inavyoteremka koti linavuliwa. Bungoma iko chini ya mita 1,500. Tofauti hiyo ndiyo inayopanga mazao: juu mahindi ya baridi, chini miwa inayotaka joto. Baada ya Misikhu unaanza kuona mashamba ya miwa yakiingia katikati ya mahindi, na trela zilizojaa zikiiba nusu ya barabara. Webuye nitaipita haraka, ingawa ina mengi: maporomoko ya Nabuyole kwenye Mto Nzoia, kilima cha Chetambe ambako Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895, na kiwanda cha karatasi kilichosimama mwaka 2009 kikauachia mji njaa ya ajira. Hayo yanastahili makala yake.

Bukembe unaijua kwa pua kabla ya macho. Kampuni ya sukari ya Nzoia iliundwa mwaka 1975, ikaanza kusaga mwaka 1978, na mwaka 2025 serikali iliikodisha kwa mwekezaji binafsi kwa miaka 30 pamoja na viwanda vingine vitatu vya umma. Matrekta hupanga foleni, madereva hulala chini ya trela, na watoto huchomoa muwa mmoja mmoja kwa ufundi usioonekana.

Mwenyeji wangu hapo alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya maabara katika kiwanda kimoja cha ukanda huu wa magharibi, hakutaka nikitaje. Tulisalimiana kwa "mulembe", akaagiza chai na mahindi ya kuchoma, akaanza kunieleza chumba alichofanyia kazi ujana wake wote. Kilikuwa chumba kisicho na dirisha. Ndani mlikuwa na taa ya njano, bomba la glasi la sentimita 20, na kioo cha kuchungulia.

"Tulikuwa tunaukamata muwa ukiongopa," alisema.

Mwanga wa kawaida hutikisika kila upande. Ukiupitisha kwenye kichujio maalumu, unabaki unatikisika katika bapa moja tu. Mwaka 1815 Mfaransa Jean-Baptiste Biot aligundua kuwa mwanga wa aina hiyo ukipita katika maji ya sukari, bapa lile huzunguka. Sukari ikizidi, mzunguko unazidi. Kipimo cha kimataifa kimejengwa juu ya jambo hilo: gramu 26 za sukari safi iliyoyeyushwa kwa maji hadi ujazo wa mililita 100, ndani ya bomba la sentimita 20, kwa joto la nyuzi 20, huzungusha mwanga wa njano nyuzi 34 na nusu na ushei. Huko ndiko kunakoitwa mia. Maji ya miwa yaliyotoka kwenye vinu husomwa dhidi ya mia hiyo, na jibu lake wafanyakazi wote wa viwanda vya sukari, kutoka Mumias hadi Kagera, huliita pol. Pembeni kuna refraktomita, inayoangalia mwanga unavyopinda ukiingia kwenye maji yale, nayo hutoa briksi, yaani jumla ya vyote vilivyoyeyuka humo. Gawanya pol kwa briksi, umepata usafi. Katika hatua ya mwisho mwanga hurudi tena: rangi ya sukari hupimwa kwa kuangalia kiasi gani cha mwanga wa nanomita 420 kinanyonywa. Kiwanda kizima, kutoka muwa hadi gunia, hutembea kikiuliza mwanga.

Ile taa ya njano ilikuwa ya sodiamu, na ina ukoo unaonivutia. Joseph von Fraunhofer wa Bavaria hakuwa mtu wa sukari hata kidogo. Alikuwa fundi wa kutengeneza glasi za darubini, na tatizo lake lilikuwa kwamba glasi za tanuru moja hazikufanana na za tanuru jingine. Alihitaji alama imara ndani ya mwanga ili apime kila glasi inaupindaje. Mwaka 1814 aliona mistari myeusi katika upinde wa rangi za jua, akaipa herufi, na iliyo kwenye njano akaiita D. Miaka 45 baadaye, huko Heidelberg, Kirchhoff na Bunsen wakaonyesha kuwa D ni sahihi ya sodiamu, ile ile inayofanya mwali wa jiko kuwa wa njano ukidondokewa na chumvi. Kwa hiyo mstari uliotafutwa ili kusimamia ubora wa glasi ndio uliokuja kuwa taa ya wapima sukari, na kemia mpaka leo huandika herufi D pembeni ya vipimo vya namna hii.

Watengeneza glasi nao hawakuiacha njia. Chupa ya soda ni mchanga, chokaa na magadi, na magadi tunayo sisi: Ziwa Magadi limekuwa likilisha matanuru ya glasi tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Chuma kidogo tu ndani ya mchanga huipa glasi rangi. Kikiwa katika hali moja hunyonya mwanga karibu na nanomita 1,050 na kuivuta glasi kwenye buluu. Kikiwa katika hali nyingine hunyonya karibu na 380 na kuivuta kwenye manjano. Anayesimamia tanuru akiusoma mwanga uliopita kwenye glasi anajua moto wake una hewa nyingi au kidogo. Siku hizi kuna pia leza inayopiga nukta ndogo mno hadi ikawa cheche, na kila elementi ndani ya cheche ikatoa mistari yake, jibu likaja kazi ikiendelea. Wazo ni moja kwa chupa, kwa udongo na kwa miwa. Usisubiri bidhaa iharibike ndipo uulize.

Nikamrudisha mzee kwenye maneno yake. Muwa unaongopaje?

Muwa uliokatwa, alisema, unaanza kujila. Sukrosi huvunjika kuwa glukosi na fruktosi. Sukrosi huzungusha mwanga kulia. Fruktosi huuzungusha kushoto, tena kwa nguvu. Kwa hiyo muwa uliolala juani siku kadhaa ukisubiri trekta unasomeka pol ya chini, na usafi wake unashuka. Muwa mchanga uliovunwa kabla ya wakati nao hujianika vivyo hivyo. Hilo si jambo dogo magharibi: mwaka 2023 serikali ilisimamisha usagaji kwa miezi kadhaa kwa sababu miwa iliyokomaa ilikuwa imekwisha na viwanda vilikuwa vinagombania iliyo michanga.

Upo uongo wa pili, wa kinyume. Bakteria aina ya Leuconostoc akiingia kwenye muwa uliooza hutengeneza utomvu uitwao dekstrani, na huo huzungusha mwanga kulia kuliko sukari yenyewe. Muwa mbovu unaweza basi kuonekana mtamu. Maabara makini huupima utomvu huo pembeni, haiishii kwenye pol. Mzee alikumbuka pia unga wa risasi uliotumiwa zamani kusafisha maji ya miwa ili mwanga upite. Ni sumu, na mikono yake ilijaa unga huo miaka mingi. Polarimita za kisasa zinazotumia infraredi ya karibu, nanomita 880 hivi, huona kupitia maji machafu bila risasi. "Ingefika mapema," alisema tu, akageuza mahindi yake.

Sasa chukua mfano wa hesabu. Wakulima wawili wanaleta tani 40 kila mmoja. Wa kwanza miwa yake ina pol ya asilimia 13, wa pili asilimia 10. Kwenye mizani wako sawa. Ndani ya muwa, wa kwanza ameleta tani 5.2 za sukari, wa pili tani 4. Tofauti ni magunia 24 ya kilo 50, kabla ya kutoa inayopotea kinuni. Malipo yao ni yale yale, maana mkulima wa Kenya kwa miaka yote amelipwa kwa uzito. Mwanga umekuwa ukiijua tofauti hiyo tangu kinu cha kwanza, ila jibu lake liliishia kwenye daftari la meneja.

Si kwamba hakuna aliyeliona. Soko la pamoja la COMESA lilipoiruhusu Kenya kuzuia sukari ya bei nafuu kutoka nchi wanachama, kulipa kwa utamu badala ya uzito kulikuwa miongoni mwa masharti. Muhula wa kinga uliongezwa tena na tena, uzito ukabaki. Kwingineko jambo hili ni la kawaida. Afrika Kusini hulipa kwa sukari inayoweza kutolewa kwenye muwa, na Australia imefanya hivyo kwa vizazi. Katika jimbo la Queensland viwanda kadhaa vimeweka vyombo vya infraredi juu ya ukanda wa miwa iliyokwisha kupasuliwa, kila shehena ikisomwa ikipita.

Kitale wanalijua jambo hili kutoka upande wa pili. Peleka mahindi kwenye ghala la Bodi ya Nafaka na kipimo cha unyevu kinatangulia mizani. Ukizidi asilimia 13.5, unarudi kuanika. Hapo kipimo hakikusubiri kikao cha mawaziri, kwa kuwa kinamlinda anayenunua. Kwa miwa, kipimo kingemlinda anayeuza pia, nacho kimesubiri.

Bungoma mjini, karibu na Kanduyi, nilikaa hotelini na wakulima wa miwa. Nilidhani nawaletea habari njema. Mmoja wao, mzee wa makamo mwenye kofia ya ngozi, alitoa mfukoni karatasi ya mizani, akaikunjua mezani.

"Uzito naujua," akasema. "Nikiona trela imejaa najua ni tani ngapi, hawawezi kunidanganya sana. Huo utamu nitauona wapi?"

Mwenzake akaongeza kuwa miwa yake ililala shambani baada ya kukatwa, kwa sababu trekta halikuja. Kwa uzito alipoteza maji kidogo. Kwa utamu angepoteza zaidi, na kosa si lake. Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani lipo. Kulipa kwa pol bila kupanga usafiri ni kumhamishia mkulima hasara ya kinu kibovu na trekta lisilofika. Tena chombo kikiwa ndani ya ua wa mnunuzi, kikisomwa na mwajiriwa wa mnunuzi, kikisahihishwa na fundi wa mnunuzi, mkulima ana haki ya kuona giza hata taa ikiwa ya njano kiasi gani.

Ndiyo sababu nadhani mjadala wetu umeanzia mahali pasipofaa. Tunabishana kama tulipe kwa uzito au kwa utamu, ilhali hatua ya kwanza haihitaji kubadili malipo hata senti. Kiwanda kinachopima pol kwa ajili ya kazi yake kichukue sampuli ya kila shehena na kuichapisha pol hiyo kwenye karatasi ile ile ya mizani, pamoja na saa muwa ulipokatwa na saa uliposagwa. Baada ya misimu miwili mkulima wa Bukembe, wa Kimilili, wa Chwele atajua shamba lake linatoa nini, atajua ucheleweshaji unamgharimu kiasi gani, na atakuwa na cha kuweka mezani siku ya kujadili bei. Halmashauri ya sukari, iliyofufuliwa na sheria ya mwaka 2024, iwe na maabara yake inayopima tena sampuli chache bila kutangaza.

Nawe mkulima unayesoma haya, usingoje sheria. Refraktomita ya mkononi haina siri: kamua tone la maji ya muwa, liweke kwenye kioo chake, lielekeze juani, usome briksi. Haitakupa pol, lakini itakuonyesha sehemu ya chini ya muwa na ya juu zimekaribiana au bado, na hiyo ndiyo dalili ya kukomaa. Kikundi cha wakulima kumi kinaweza kununua moja. Andikeni namba hizo shambani, kabla trekta halijafika.